Futa Nikiona

Begi la Farida lilifungwa na kufunguliwa wiki nzima, utadhani anahamia Ulaya, kumbe anakwenda Idjwi tu, kisiwa ambacho ukisimama ufukweni mwa Goma siku isiyo na ukungu unakiona kwa macho yako. Alitia kamera, akatia betri, akatia mfuko wa nailoni wa kuifunika kamera kama ziwa litachafuka. Tangu azaliwe hapa mjini hajawahi kupanda boti, na ziwa alikuwa akiliogopa, lakini hilo hakumwambia mtu. Juu kabisa akaweka paketi mbili za biskuti za siagi na kipande kizima cha sabuni ya kunukia. Hivyo havikuwa vyake, vilikuwa vya Kanyere.

Huyo Kanyere, Farida hata sura yake hajawahi kuiona. Ni mpiga picha wa Bukavu ambaye wamepangiwa kulala naye chumba kimoja huko kisiwani, vitanda viwili kila chumba, ndivyo alivyoandika Papa Célestin, muzee anayeandaa mafunzo hayo. Wapiga picha wa pande zote za ziwa wangekaa Idjwi wiki mbili, kati ya migomba na mananasi, wakila chungu kimoja, wakitembea pamoja na kutazamana kazi. Wengine walikuwa wanakwenda kujifunza mambo ya mwanga na kivuli. Farida, tusidanganyane, alikuwa anakwenda kulala chumba chenye mtu mwingine anayepumua. Alishaanza hata kujiuliza kama Kanyere anakoroma, na akaamua moyoni kwamba akikoroma ni heri.

Maana upweke, jamani, usiombe. Vyumba vyake viwili vya mbao kule Ndosho vilikuwa barabarani kabisa, pikipiki zinapita kutwa, mafundi wanagonga mabati, watoto wanalia, na bado ndani kulikuwa kimya. Mama yake alishafariki. Mume alikwenda Lubumbashi kutafuta maisha, akayapata na mwanamke mwingine. Akabaki Aziza, rafiki yake wa tangu usichana, aliyekuwa akimshikia taa kwenye kila harusi. Na Aziza naye, siku zile za risasi, vita vilipoingia mjini, alipanda basi na watoto wake akaenda Kampala. Alimwambia Farida waende wote. Farida akasema ana picha za watu hajazikabidhi, atafuata. Hakufuata. Tangu hapo kila mmoja akawa anangoja mwenzake aanze kupiga simu, na kungoja huko kukapita mwaka.

Kwa hiyo safari hii aliichukulia kama Idi. Kundi la WhatsApp la wanaokwenda lilikuwa likilia asubuhi mpaka jioni: nani ana chaja ya ziada, nani anaogopa mbu, nani atapika samaki. Farida alisoma kila neno, mengine mara mbili, ila mwenyewe hakuandika kitu zaidi ya "asante" na "amina". Alinunua kofia ya jua. Alitoka na kamera barabarani kujizoeza kupiga picha nje, maana yeye amezoea taa ya ndani, na jua la Ndosho likampofusha. Picha zote zikatoka nyeupe, na fundi mmoja wa mabati akamtania kwamba amepiga picha ya mbinguni. Farida alicheka naye, akarudi ndani akafunga begi tena.

Tatizo lilikuwa moja tu, nalo halikuwa dogo. Papa Célestin alitaka kila anayekuja alete picha kumi za kazi yake, zitundikwe kwenye kamba ukumbini jioni ya kwanza, kila mtu azione. Farida alikuwa amepiga picha zaidi ya miaka ishirini, na hakuwa na hata moja ya kutundika.

Usishangae. Farida hakuwa mpiga picha wa barabarani, alikuwa mpiga picha wa ndani. Katika harusi za Waislamu wa Goma, wale wenye asili ya Maniema na wenzao, kuna upande wa wanawake, na upande ule mwanamume haingizi hata pua. Mle ndani vilemba vinavuliwa, nywele zinafumuliwa, bibi harusi anasingwa, mashangazi wanacheza mpaka chini na kusema maneno ambayo mchana hawayatamki. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata alikuwa Farida. Aliitwa yeye kwa sababu ni mwanamke, lakini zaidi kwa sababu ya desturi yake moja. Akishazitoa picha kwenye karatasi na kuzipanga katika albamu, mama wa bibi harusi alikuja Ndosho, akaketi naye bega kwa bega, akasema, "Futa nikiona." Farida akafuta, kwenye kadi ya kamera na kwenye kompyuta, mpaka kioo kikabaki kitupu, na mama akachukua albamu yake akaenda zake ametulia. Hakuna mpiga picha mwingine mjini aliyeaminiwa hivyo.

Alipoandika kuomba nafasi aliieleza kazi hiyo yote, na Papa Célestin, ambaye alizeeka akiwapigia watu wa magazeti picha za vita na wakimbizi, alimpokea kwa sababu hiyo hiyo. Sasa Farida akampigia simu kumuuliza kama anaweza kuleta picha nyingine, za soko, za ziwa, za vijana na chukudu zao, zile baiskeli za mbao zinazobeba mizigo. Muzee akacheka.

"Mama Farida, chukudu na volkano ninaziona ata nikilala," alisema. "Uniletee kile wewe peke yako uliona."

Farida akamweleza habari ya kufuta. Muzee akamwonea huruma, akapunguza masharti. Basi alete hata moja ya ndani, moja tu, nyingine watajaza na za soko. Ila mwenye picha awe amekubali, na jibu lifike kabla ya Jumapili jioni, kwani boti inaondoka Jumatatu asubuhi na kuna watu wanaoililia nafasi hiyo. Akamtakia usiku mwema na kukata simu.

Farida akaona si neno gumu. Yeye hana picha, lakini wenyewe wana albamu zao. Amwombe mmoja amkopeshe moja tu, isiyo na aibu, iende kisiwani irudi.

Alianza na Mama Nuhu, mjane mmoja mwenye maneno machache anayekaa Mugunga, njia ya Sake. Alikuwa amempigia picha harusi ya binti yake, Zubeda. Alimkuta anachambua maharagwe mlangoni, akamweleza shida yake kwa adabu zote. Mama Nuhu hakukubali wala hakukataa. Alisema albamu haipo. Walikimbia wakarudi, wakakimbia tena, na mara ya mwisho waliporudi walikuta nyumba haina hata mlango. Na Zubeda mwenyewe hayupo, alifia kwenye uzazi mwaka uliofuata harusi.

"Sura ya mutoto wangu inaanza kunitoroka," alisema Mama Nuhu. "Tafuta muzuri kwako, Farida. Haiwezekani kusibakie ata moja."

Farida akamkumbusha kwamba walifuta pamoja, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema futa nikiona. Mama Nuhu akasema anakumbuka. Akaendelea kuchambua maharagwe yake, kisha akarudia, tafuta tu.

Ikawa hivyo kila alipokwenda. Birere, albamu iliungua pamoja na nyumba. Majengo, waliiba sanduku zima. Katindo, ilianguka njiani watu wakikimbia na hakuna aliyethubutu kurudi kuiokota. Alikwenda kuomba picha, akawa ndiye anayeombwa. Na wote walimtazama kwa jicho lile la mtu anayedhani unamficha kitu. Umeaminiwa miaka yote kwa kuwa hubakizi, sasa unaonekana mbaya kwa sababu kweli hukubakiza! Farida alirudi Ndosho na uchungu ambao hakujua aupeleke wapi, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwambia njoo usikie mambo.

Na ukweli wenyewe ni kwamba moja ilikuwepo.

Ilikuwa picha ya Aziza. Siku Aziza alipomwoza binti yake mkubwa, alikuwa amechoka kupika, akaketi mkekani kichwa wazi, na mama yake mzazi, Bi Mwamini, akaketi nyuma yake akimpaka mafuta nywele zilizokwisha kuanza mvi. Mmoja wao alisema kitu, Farida hakumbuki nini, wakacheka wote wawili, bibi na kibogoyo chake, Aziza ameegemea magoti ya mama yake. Farida akabonyeza. Baadaye Aziza alikuja kuchukua albamu, na ingawa ni rafiki alikuwa pia mama wa bibi harusi, akasema kwa mzaha futa nikiona. Farida akafuta zote ila hiyo, ambayo alikuwa ameshaihamisha pembeni. Hakuwa na nia mbaya, aliipenda tu. Siku hizi, akiwa anakula peke yake, huiwasha kwenye kompyuta akaitazama.

Bi Mwamini alishazikwa. Nyumba ya Aziza iliungua siku zile zile za risasi, na kila kilichokuwamo.

Jumapili mchana Farida akapiga simu Kampala. Alikuwa ameyapanga maneno: kwanza aungame, kisha aombe ruhusa, kisha safari ya kisiwani na Kanyere wake iendelee. Aziza alipokea kwa furaha mpaka Farida akaona haya. Akasimulia biashara yake ya vitenge, akasimulia watoto, mvua za kule, matoke ya asubuhi na jioni, akauliza kama Ndosho bado wanagonga mabati kabla watu hawajaamka. Farida alimwacha aongee kwa kuwa ilikuwa raha kusikiliza. Mwishowe akajikaza.

"Aziza, kuna foto moja sikufuta."

Akaeleza ni ipi. Kisha akajiandaa kutukanwa, maana alistahili.

"Mama yumo?" Aziza akauliza.

"Yumo. Anakupaka mafuta."

"Moja tu?"

"Moja tu."

"Ungeiba zote, dada yangu," alisema Aziza, na sauti ikamkatika. "Si ungeiba zote."

Farida naye akashindwa kujizuia. Walilia wote wawili huku simu inakula salio, na hakuna aliyejali. Aziza alipokwisha kujifuta machozi, akauliza jambo kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeogopa jibu.

"Ni ju ya hiyo foto ndiyo umenipigia?"

Kisiwa chote kilikuwa hapo. Angesema ndiyo, akaeleza, Aziza angemruhusu, hapana shaka angemruhusu. Lakini angejua pia kwamba mwaka na zaidi umepita, na rafiki yake hakumkumbuka mpaka alipopata shida. Farida aliliangalia begi lake pale kitandani.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa na hamu ya sauti yako. Foto nimeikumbuka sasa hivi."

Nusu yake ilikuwa kweli. Walipoagana akaituma ile picha, na kabla simu haijamtoka mkononi akamwandikia Papa Célestin kwamba hakupata, nafasi ampe mwingine. Mjanja atasema, si angeitundika tu huko Idjwi, Aziza wa Kampala angejuaje? Farida naye aliwaza hivyo, tena sana. Lakini angeitundika, hata ile nusu ya kweli ingekufa. Akafungua begi, akatoa kamera, akatoa betri na kofia ya jua. Biskuti aliziacha mle mle kwa kuwa hakujua aziweke wapi.

Jumatatu asubuhi hakwenda bandarini. Alifagia nyumba ambayo haikuwa chafu. Alijua boti imeondoka kwa sababu picha zilianza kuingia kwenye lile kundi, ambalo hakuna aliyekumbuka kumtoa: watu wamevaa makoti ya kuokolea maisha, wanacheka, na kati yao mwanamke mnene mwenye uso wa ucheshi, jina lake limeandikwa chini, Kanyere. Iliuma, hakuna haja ya kupamba. Akajitoa mwenyewe kwenye kundi.

Hapo ndipo alipoona kwamba Aziza ameiweka ile picha kwenye WhatsApp yake watu wote waione. Si kipande, ni yote, nywele wazi, kibogoyo cha bibi, kila kitu. Chini ameandika: Mama yangu. Imetunzwa na dada yangu Farida wa Ndosho, Mungu amlipe.

Farida alicheka peke yake mpaka akakaa chini. Picha iliyomkosesha Idjwi kwa kuificha ilikuwa inatazamwa Kampala, inatazamwa Kindu kule Maniema, inatazamwa Goma nzima, na labda Papa Célestin naye alikuwa anaitazama akiwa juu ya maji. Kisha kicheko kikamwisha, kwa kuwa alielewa jambo la pili. Njia ya mwongo ni fupi. Miaka yote alijulikana kama mtu asiyebakiza, na sasa mji umejua kwamba amebakiza.

Akangoja matusi. Simu ikaanza kulia, na matusi hayakuja. Walipiga wale wa Birere, wakapiga wa Majengo na Katindo, wakapiga wengine ambao alishasahau hata harusi zao. Hakuna aliyemgombeza. Sauti zote zilikuwa tamu: kumbe ulikuwa unatutunzia, Mungu akupe maisha marefu, sasa na ya kwangu je? Simu yake, ambayo ilizoea kushinda imelala mezani, ililia mpaka betri ikaisha. Aliwajibu mmoja mmoja kwamba ilikuwa ile tu, wallahi ile tu. Kila mmoja alisema sawa, nimeelewa, lakini utafute.

Alasiri mtu akabisha hodi. Alikuwa Mama Nuhu, vumbi la njia ya Mugunga usoni, amevaa kitenge chake cha sherehe. Hakuwa na simu ya kuonea picha, alisimuliwa na jirani, akapanda pikipiki. Aliketi kwenye benchi lile lile alilokalia siku walipofuta, akaweka mkoba wake magotini.

"Najua uko na kazi," alisema. "Tafuta polepole. Mi nitangoja."

Farida alifungua kinywa amwambie. Maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyasema tangu asubuhi. Lakini Mama Nuhu alikuwa ameshavua viatu na kunyoosha miguu, anaangalia huku na huku, akauliza kama paa halivuji, akauliza mbona amekonda hivi, anakula kweli huyu? Tangu Aziza aondoke hakuna mtu aliyeuliza hivyo mle ndani. Farida akasema moyoni atamwambia chai ikiiva. Akawasha makaa kwenye mbabula, jiko lake dogo la bati, akainjika maji, akatoa biskuti za Kanyere begini na kuzipanga kwenye sahani. Kisha akawasha kompyuta, akaketi bega kwa bega na mama yule, akaanza kufungua mafaili, moja baada ya jingine, na yote alijua hayana kitu.

Kila faili lilipofunguka Mama Nuhu aliinamia kioo, akakiangalia, akasema haya, lingine. Walikunywa chai, wakala biskuti. Mama Nuhu akasimulia habari za Zubeda, jinsi alivyokuwa mkaidi, jinsi alivyoimba jikoni mpaka uji ukaungua, na wakacheka. Farida alijua anachofanya si kizuri. Akasema moyoni atamwambia chai ikiisha.

Chai ilipoisha, akainjika nyingine.